Maji ya Jumapili

Ukitaka kumharibia siku mama yule, muulize binti yake anasomea nini. Wenye watoto wanaosomea udaktari hawaulizwi mara mbili. Wa sheria, wa uhasibu, wa uuguzi, wote hao jibu lao ni neno moja na kila mtu ameshaelewa. Yeye alikuwa akisema, "Anasomea mazingira," kisha ananyamaza, maana mbele ya hapo hakuwa na neno jingine. Naye aliyeuliza hukunja uso kidogo, akasema, "Aa, mazingira," kwa sauti ile ya mtu anayekupa pole bila kutaja msiba.

Bibi muuza mkaa wa pale kona ndiye aliyemaliza kazi. Siku moja, mbele ya foleni nzima ya kisimani, alimwuliza mama mtu kwa nini anapoteza ada ya miaka minne kumfundisha mtoto kufagia, na hali fundi wa kufagia anaye nyumbani. Watu wakacheka. Mama mtu naye akacheka, tena kwa sauti, ungemwona ungedhani utani umemkaa vizuri. Kweli ni kwamba alikuwa mfagiaji wa ofisi, mwaka wa kumi na tisa huo, na jambo lililotamkwa pale hadharani ndilo alilokuwa akiliogopa kila akilala: kwamba msichana atahangaika na vitabu, atavaa joho, halafu atakabidhiwa ufagio. Alijitwisha ndoo yake akaondoka, na siku tatu zilizofuata akateka maji kisima cha mbali.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na watu wawili. Mama mtu aliondoka kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, binti akarudi jua likizama. Kati yao walizungumza yale yasiyoepukika: chumvi imekwisha, sabuni imebaki kipande, mwenye nyumba kapita. Hawakuwa wamegombana, la hasha. Mama aliogopa kuuliza asije akaonekana mjinga, na binti aliona hakuna pa kuanzia. Basi wakala, mmoja akiitazama sahani, mwenzake kitabu.

Na binti angekuwa msemaji, angekuwa na mengi ya kusema. Kozi yake haikuwa na jengo. Jumatatu alisoma kemia pamoja na wanakemia, Jumanne vijidudu pamoja na watu wa baiolojia, Jumatano sheria za ardhi na maji, Alhamisi uchumi, Ijumaa ramani kwa watu wa jiografia. Kila alikoingia alikuta watu wanaojuana, wana viti vyao na vicheko vyao vya jana. Wanakemia walimwita mwanasheria, wanasheria wakamwita mwanakemia, na kazi za vikundi zikigawiwa alibaki amesimama kama mgeni aliyekosea harusi. Mwaka wa kwanza walikuwa watano. Wawili wakahamia uhasibu, mmoja uuguzi, wa nne aliacha tu kuja. Kufikia mwaka wa nne, darasa zima lilikuwa yeye.

Mwaka huo wa mwisho ndio ulioleta chupa nyumbani.

Utafiti wake ulihusu visima vinne vya mtaa wao, wakati mvua zimeshika. Kila Jumapili jioni, kwa wiki sita, alizunguka visimani na chupa nne za kioo zenye vifuniko vya buluu, kila moja imeandikwa kisima chake. Maabara ya chuo haifunguliwi Jumapili, kwa hiyo chupa zililala kwenye friji yao ndogo mpaka Jumatatu asubuhi. Jumapili ile ya kwanza alirudi ameloa, tope limempanda magotini. Akazipanga chupa, akasema, "Hizi za walimu, mama. Zinaondoka kesho," akaenda kulala bila kula.

Za walimu. Mama mtu aliamka alfajiri kama kawaida yake, akafungua friji kutafuta vitunguu, akaziona. Maji ya kisima cha bondeni yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, na ndani yake kulikuwa na kitu kinaelea. Alisimama akakitazama muda mrefu, mlango wa friji u wazi.

Miaka tisa nyuma alipeleka maji kwenye chumba cha mkutano, pale anapofanya kazi, na glasi moja ilikuwa na unyuzi. Meneja aliiinua kuelekea dirishani, mbele ya wageni wote, akauliza taratibu, "Dada, hii ni nini?" Hakumfokea wala hakumkata mshahara. Aliishika tu ile glasi juu mpaka kila mtu akaiona. Mama yule alikuwa na umri wa kumzaa, naye akajibu, "Samahani, bosi," akatoka nayo. Alikuwa hajalisahau jambo lile, na sasa mwanawe alikuwa anataka kuwapelekea maprofesa maji ya tope kutoka nyumbani kwake.

Basi akawasha jiko. Akayachemsha maji ya kila chupa peke yake, hakuyachanganya hata tone, maana chupa zilikuwa na maandishi na yeye maandishi aliyaheshimu. Akaiweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ili yapoe upesi, akayachuja kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa. Chupa akaziosha kwa sabuni, akazisuuza, akazijaza, akazirudishia vifuniko. Mwisho akazifunga kila moja kwa gazeti zisigongane njiani, akaziweka palepale. Binti alipoamka, saa inamkimbiza, alizitia sandukuni zikiwa hivyohivyo zimefungwa, akashukuru moyoni kwamba mama amefikiria gazeti. Chuoni alilikabidhi sanduku kwenye dirisha la maabara, akakimbilia kipindi cha kemia.

Mama mtu hakusema kitu. Tenda wema nenda zako. Jumatatu tano zilizofuata aliamka saa nzima kabla ya saa yake, na kazini alifagia akiwa na furaha ndogo ya peke yake, akiwaza huko chuoni mtu ameinua chupa dirishani na hakuona kitu.

Majibu yalitoka mvua zilipokatika. Jioni hiyo mama alikuwa jikoni anasonga ugali, binti akaingia, akakaa kwenye kigoda, na kitabu hakukifungua.

"Mama," akasema, "kitu kimoja kikionyesha maji yamegusana na choo, na kingine kikionyesha hayajagusana hata kidogo, wewe utasemaje?"

"Nitasema mmoja wao ni mwongo."

"Ndivyo. Na mimi naona mwongo ni mimi."

Hapo ndipo alipozungumza, na mama mtu hakumbuki kama amewahi kumsikia akizungumza kwa muda mrefu hivyo. Katika maji ya visima vyote vinne, alisema, kuna chumvi inayoitwa nitreti, na imejaa. Mitaa yenye vyoo vya shimo kama wao, chumvi hiyo hupenya ardhini ikaingia kisimani. Sasa, ikiwepo nyingi namna ile, ungetegemea na vijidudu vya choo viwepo. Havipo. Chupa ishirini na nne, hakuna hata kijidudu kimoja. Mwalimu wa kemia aliutazama ukurasa wake akasema kazi nzuri. Mwalimu wa vijidudu aliutazama wa kwake akampa mkono, akasema mtaa wenu umebahatika. Hakuna aliyeutazama ukurasa wa mwenzake.

"Anayezitazama kurasa zote mbili ni mimi peke yangu," binti akasema. "Na wote wawili wananiambia niwasilishe. Lakini najua kuna mahali nimeharibu, mama. Sijui ni wapi. Labda chupa sikuzishika vizuri. Labda hii kazi siiwezi, nilikuwa najidanganya tu."

Alimweleza na habari ya idara ya maji. Walikuwa tayari kumpokea kwa majaribio mwezi wa saba, endapo atakuwa amemaliza. Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa mwisho wa mwezi. Akiandika kwamba visima ni salama, atamaliza. Akiandika kwamba majibu yake mwenyewe hayaamini, watamwuliza sababu, na sababu hana.

Mama mtu aligeuza mwiko. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Hivyo vijidudu hufa kwa nini?"

"Kwa dawa. Au kwa moto."

Mama aliendelea kusonga, akampa mwanawe mgongo. Ugali ulikuwa umeiva zamani.

Alijiambia atamwambia kesho, na kesho ikawa Alhamisi, Alhamisi ikawa Jumatatu. Si kwamba hakutaka. Kila alipofungua mdomo aliyaona maneno yenyewe yakitoka, na aliuona uso wa binti ukibadilika, akayameza. Kazini aliipiga deki korido moja mara mbili mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa. Usiku alimsikia mwenzake ng'ambo ya ukuta akifungua na kufunga kurasa, anatafuta kosa ambalo halikuwa lake.

Mambo yangeweza kuishia hapo, siri ikazeeka, kama isingekuwa pongezi. Mwalimu wa vijidudu, kwa nia njema kabisa, alimpelekea mwenyekiti wa mtaa nakala ya ukurasa wake. Mwenyekiti hakulaza damu. Jumamosi asubuhi kulikuwa na karatasi yenye mhuri imebandikwa kwenye nguzo ya kisima cha juu: maji ya visima vyetu vyote yamepimwa na chuo kikuu, ni salama kwa kunywa. Chini yake aliandika jina la binti, mtafiti, mkazi wa mtaa huu.

Mama mtu alikuja na ndoo yake akakuta watu wameizunguka. Walimpisha. Watu waliozoea kumwambia shika foleni, siku hiyo walimpisha. Bibi muuza mkaa alikuja akamshika mikono yote miwili.

"Kumbe ndicho anachosomea!" akasema. "Mbona hukutuambia, mwenzetu? Na mimi nikawa nakutania utani wa kijinga. Nisamehe. Biashara ameniulia, maana nani atachoma mkaa kuchemsha maji tena, lakini nimefurahi."

Heshima ile mama aliisubiri miaka minne. Sasa imekuja, na hakujua aiweke wapi. Alisema ahsante, ahsanteni, akainama kujaza ndoo. Bibi yule naye alichota kikombe kisimani, akamwita mjukuu wake wa miaka mitatu, akamnywesha palepale. Mtoto alikunywa mpaka akashusha pumzi, akaomba tena, akapewa tena.

Ndoo ya mama mtu ilibaki kisimani. Alifika nyumbani mikono mitupu, na binti hakuwepo.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaambiwa siku hiyo haitalipwa, akasema sawa. Alivaa gauni lake la heshima. Nia yake ilikuwa moja: kwenda kwa mwalimu mwenyewe, aseme kosa ni lake, kabla binti hajajua, ili lawama imkute yeye kwanza. Kumwona mwalimu alidhani ni kama kumwona daktari. Unafika, unauliza, unaonyeshwa mlango.

Alianza jengo la kemia, kwa sababu neno hilo alilikumbuka. Karani alipitisha kidole kwenye orodha, akarudia, akasema jina hilo hana, amjaribu mtu wa baiolojia. Baiolojia wakamwambia huyo huja Jumanne tu, si wao, kwao ni kama mpita njia. Kwenye ngazi za jengo la sheria mlinzi alimsimamisha hata kabla hajatoa salamu, akamwambia kwa upole kabisa kwamba watu wa usafi wanapita mlango wa nyuma. Mama aliliangalia gauni lake. Alizunguka akapita mlango wa nyuma, maana mlango ni mlango, na ndani wakamwambia mazingira hawana.

Uchumi walikuwa wamefunga kwa chakula cha mchana. Alisimama nje kwenye jua, wanafunzi wanampita makundi kwa makundi, wanacheka, wanaitana. Alitazama kila kundi akimtafuta mwanawe ndani yake, kisha taratibu akaacha kutazama makundi. Saa tatu na nusu alizotembea, majengo manne, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema, huyo ni wetu. Binti alikuwa ametembea hivyo miaka minne, na jioni akarudi nyumbani akaambiwa sabuni imebaki kipande. Mama mtu aliona haya, kuliko alivyoona haya siku yoyote ya maisha yake.

Ndani ya jengo la jiografia kulikuwa na mwanamke wa makamo anapiga deki. Alimtazama mama miguuni, akamtazama mikononi, akaegemeza deki ukutani.

"Unamtafuta nani, mwenzangu?"

Mama akamweleza.

"Mwembamba, hasemi sana, anatembea na mafaili kifuani?"

"Ndiye huyohuyo."

"Anakula ngazi za nyuma, saa saba, kila siku. Peke yake. Ngazi zile nazipiga deki mwisho, akae pakavu."

Mama alimgusa bega, akaufuata ukuta mpaka nyuma.

Binti alikuwa amekaa ngazi ya tatu, bakuli la chakula magotini. Alipomwona mama yake pale, na gauni lile, aliinuka mara moja.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kaa." Mama alibaki amesimama. Alikuwa amepanga maneno ya kuanzia, ya samahani na ya kuzunguka, na yote yalikuwa yamemtoka. "Maji yako niliyachemsha mimi."

"Maji gani?"

"Ya chupa. Kila Jumatatu alfajiri, wewe umelala. Nikayachuja. Chupa nikaziosha."

"Zote?"

"Zote. Wiki zote sita."

Binti alikaa. Alilifunika bakuli lake, akabonyeza kifuniko kila pembe, polepole, kama kwamba hilo ndilo lililokuwa muhimu. "Kwa hiyo sikukosea," akasema. Halafu akaficha uso mikononi na mabega yakaanza kutikisika, na mama mtu hakuthubutu kumgusa. Wanafunzi wawili waliteremka, wakajibana upande wa pili wa ngazi, wakapita.

Alipoinua uso hakuwa na machozi tena, alikuwa na hasira. "Mama, ile karatasi iko kwenye nguzo. Watu wanakunywa."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile ya ugali."

Binti alihesabu siku, ungemwona midomo inavyocheza. Alikusanya mafaili yake, akatangulia, na mama akamfuata nyuma kama mtoto aliyeitwa ofisini.

Mratibu wa kozi alikuwa na chumba kidogo kilichojaa ramani zilizokunjwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha alipiga simu kwa mwenyekiti wa mtaa, akamwambia aiondoe karatasi leo hii, na watu wachemshe maji. Baada ya hapo alitoa fomu, akaanza kuandika, na akamwambia mama mtu, si kwa ubaya, kwamba hapa kuna sehemu ya sababu. Alikuwa na sababu gani ya kuyachemsha?

Mama alimtazama binti, binti akatazama dirishani.

"Nilidhani mtayanywa," akasema.

Kalamu ya mratibu ilisimama. Hakucheka, na mama atamshukuru kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Aliyesema ni binti, na bado alikuwa akitazama nje. Alisema kosa ni la kwake pia. Zile chupa zimelala nyumbani wiki sita na hakuwahi kumwambia mama ni za nini. Hakuwahi kumwambia chochote.

Mratibu aliwaeleza yaliyobaki, naye hakuyapamba. Majibu yote yanafutwa. Utafiti ni wa msimu wa mvua na mvua zimekwisha, kwa hiyo hakuna njia ila kungoja mvua za mwakani. Idara ya maji haitangoja. Atahitimu na kundi linalofuata, ambalo ndani yake hamjui mtu. Mama alisikia neno ada likitajwa na akatikisa kichwa kukubali kabla hajasikia kiasi.

Jioni karatasi ilikuwa imeshatolewa, imebaki alama ya gundi kwenye nguzo. Mama mtu alikataa mwenyekiti amsemee. Alisimama mbele ya foleni, akasema maji si salama, hayajawahi kuwa salama, yaliyopimwa ni yale aliyochemsha yeye kwa ujinga wake. Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa hiyo binti kafeli? Mama akasema hajafeli, anarudia. Mtaa mzima unajua tofauti ya maneno hayo ni ndogo. Bibi muuza mkaa alimwangalia mjukuu wake, akamwangalia mama mtu, akasema, "Basi mkaa upo," na hakukuwa na utani ndani yake. Mtoto alikuwa anaharisha tangu Jumapili. Alipona, Mungu ni mkubwa, lakini salamu za bibi yule hazikurudi kuwa zilivyokuwa.

Nyumbani walikula. Binti hakuwa na kitabu, alikuwa na ile fomu, maana mratibu alitaka kila kitu kiandikwe, kwamba hata kosa lina faida likiandikwa vizuri. Mama alikusanya vyombo. Alijua anapaswa kuomba msamaha tena, na alijua msamaha hautarudisha mvua. Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza upande wake.

"Sufuria ilikuwa ipi?" binti akauliza.

Mama alimwonyesha. Binti akaandika.

"Na kitambaa?"

Akamweleza kitambaa.

"Uliyaacha motoni kwa muda gani?"

"Yakishatokota nahesabu mpaka mia tatu, ndipo naepua."

"Kwa nini mia tatu?"

Mama alikuwa amefika katikati ya meza. "Ndivyo nilivyokuwa nikikuchemshia wewe, ulipokuwa mchanga," akasema. "Nesi aliniambia dakika tano, na saa sikuwa nayo."

Binti alimtazama. Kisha akainamia karatasi, akaandika: dakika tano.